Flashi ikidai ifomatiwe, usiruhusu kitu kiandikwe juu yake

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Kahama. Hesabu zangu zote tangu 2022, yaani mauzo, stoo na madeni ya wateja, ziko kwenye faili za Excel ndani ya flashi ya GB 32. Huwa nafanyia kazi humohumo ili niweze kuendelea nyumbani jioni. Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa naingiza mauzo kwenye kompyuta ya mezani. Tangu siku hiyo nikiichomeka flashi, kompyuta inaniambia lazima niifomati kwanza ndipo itumike. Fundi wa hapa jirani anasema nikubali tu, halafu yeye atarudisha kila kitu kwa programu, kwa shilingi 30,000. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, dada. Ichomoe hiyo flashi, itie kwenye bahasha, na isichomekwe tena popote mpaka umpate mtu atakayeanza kwa kuinakili yote ilivyo. Swali kama lako huletwa mara nyingi mno, na kwa kawaida huletwa flashi ikiwa imeshafomatiwa mara mbili na mafundi wawili. Wewe umeuliza mapema, kwa hiyo nafasi yako bado ni nzuri.

Kabla ya flashi yenyewe, anzia kwenye ile kompyuta iliyozimika. Excel ikiwa wazi hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na nakala hiyo haikai kwenye flashi, inakaa kwenye diski ya kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `%appdata%\Microsoft\Excel`, kisha Enter. Ukikuta humo folda au faili yenye jina linalofanana na la faili yako, inakili kwanza kwenye folda nyingine kabla hujaifungua Excel. Excel ikifunguka itakuonyesha orodha ya faili ilizookoa, na wengi huifunga orodha hiyo bila kuisoma, au hujibu kwamba hawazihitaji, na hapo nakala zinafutwa. Hii itakupa lile faili ulilokuwa umelifungua tu, si yote, lakini huenda ndilo unalolihitaji zaidi.

Angalia pia kila mahali ulipowahi kutuma faili hizo. Kama mhasibu wako hukuomba hesabu kwa WhatsApp, fungua hifadhi ya simu yako: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Documents, halafu Sent. Barua pepe ulizotuma nazo hazifutiki zenyewe. Mara nyingi nakala ya mwezi uliopita inapatikana huko, na kazi ya kuokoa inabaki ya wiki chache badala ya miaka.

Sasa huo ujumbe. Hausemi kwamba data zako zimefutika. Windows ikichomekewa flashi husoma kwanza sehemu ndogo ya mwanzo inayoeleza flashi imepangwaje. Umeme ulipokatika katikati ya kuandika, sehemu hiyo, au orodha inayoifuata, iliharibika. Windows haielewi inachosoma, kwa hiyo inaichukulia flashi kama haijawahi kupangwa na inapendekeza ipangwe upya. Faili zenyewe kwa kawaida ziko palepale zilipokuwa. Tena flashi ya GB 32 mara nyingi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 ina nakala mbili za orodha ya faili pamoja na nakala ya akiba ya sehemu ile ya mwanzo, kwenye sekta ya sita (sekta ni kipande kidogo cha hifadhi). Yaani mfumo wenyewe umekuwekea akiba ya kurekebishia tatizo lako hilihili, na fundi anataka kuandika juu yake.

Hili la «fomati kwanza, data zitarudi» ndilo kosa linalomaliza hesabu za watu wengi. Linaaminiwa kwa sababu lina chembe ya ukweli: fomati ya haraka haifuti kila kitu. Inachofuta ni ile orodha inayosema faili fulani inaanzia wapi, kipande chake cha pili kiko wapi na cha tatu wapi. Bila orodha, programu ya kuokoa inabaki kubahatisha. Inapitia flashi nzima ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Ya Excel ya xlsx, kwa mfano, huanza na herufi PK kwa sababu kwa ndani ni faili ya zipu. Ikiipata, inadhani kilichobaki kimefuatana moja kwa moja. Kwa picha ya harusi iliyowekwa mara moja na kuachwa, dhana hiyo mara nyingi ni sahihi. Kwa faili ya mauzo iliyohifadhiwa upya kila siku kwa miaka, vipande vimetawanyika. Na faili ya zipu huweka orodha ya vilivyomo mwishoni kabisa, kwa hiyo ikikosa mkia, Excel inakataa kuifungua hata kama sehemu kubwa ya namba zako zimo.

Ndiyo maana watu hurudishiwa folda yenye majina kama f0138240.xlsx, mamia kwa mamia, na fundi anasema amepata faili elfu nne. Mteja anaona idadi, anafurahi, analipa. Akifika nyumbani nusu hazifunguki, na zinazofunguka ni nakala za 2022.

Kuna baya zaidi. Kwenye kile kidirisha cha kufomati kuna kisanduku cha «Quick Format». Tangu Windows Vista, ukiondoa tiki hapo, Windows inaandika sifuri flashi nzima, mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo hakuna programu ya kulipia wala ya bure itakayorudisha kitu. Fundi anayeamini kwamba fomati ya taratibu ndiyo inayosafisha vizuri huondoa tiki hiyo kwa nia njema kabisa.

Usikubali pia `chkdsk E: /f` ikiwa ndiyo hatua ya kwanza. Amri hiyo inarekebisha mpangilio wa flashi, haijali data yako. Ikikutana na vipande isivyovielewa inavibadilisha kuwa faili zinazoitwa FILE0000.CHK na kuendelea, na yote hayo inayaandika kwenye flashi ileile inayoumwa.

Kazi sahihi ya mtu utakayempata inaanzia kwa kutazama, bila kubonyeza fomati. Ujumbe ukitokea, aufunge. Afungue Disk Management, sehemu ya Windows inayoonyesha diski zilizochomekwa, aone flashi inasomekaje. Ikionyesha karibu GB 29 na neno RAW, yaani mpangilio wake hautambuliki, umeme wake ni mzima na shida ni mpangilio tu. Usishangae kuona 29, ndivyo Windows inavyohesabu GB 32. Ikionyesha sifuri, au «No Media», chipu inayoiongoza flashi ndiyo iliyokufa. Hapo programu zote ni za kupoteza muda, na anayehitajika ni mtu wa maabara mwenye vifaa vya kusoma chipu ya kumbukumbu moja kwa moja. Kazi hiyo ni ghali, na fundi asiye na vifaa hivyo asiifungue flashi kwa bisibisi.

Ikiwa ni RAW, hatua ya kwanza ni kuchukua taswira ya flashi nzima, sekta kwa sekta, na kuiweka kwenye diski nyingine yenye nafasi isiyopungua GB 32. Diski hiyo iwe imepangwa kwa mfumo wa NTFS, kwa kuwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4 na zoezi litakwama njiani. Kwenye Linux, mfumo wa kompyuta usio Windows, inatumika programu ya `ddrescue`, ambayo inasoma kwanza sehemu nzima kisha inarudia zile zinazogoma, badala ya kuichosha flashi mahali pamoja. Hapo fundi awe makini sana na jina la chanzo na la mahali pa kuandikia. Akiyageuza, anaandika juu ya flashi yako. Asiyejua Linux atumie TestDisk, programu ya bure, kwenye menyu ya Advanced, Image Creation.

Kuanzia hapo flashi inarudi kwenye bahasha na kazi yote inafanyika kwenye taswira. TestDisk, menyu ya Advanced halafu Boot, itasema kama sehemu ya mwanzo ni mbovu na ya akiba ni nzima. Kama ndivyo, chaguo la Backup BS linanakili ya akiba juu ya mbovu, na mara nyingi folda zote zinaonekana na majina yake kamili. Faili zinakiliwe kwenye diski nyingine. PhotoRec na wenzake wanaookoa bila majina ni wa mwisho, njia hiyo ikishindikana. Hatua yoyote ikiharibika, taswira inanakiliwa upya na kazi inaanza tena. Anayefanyia kazi flashi yenyewe hana pa kurudi akikosea.

Katika folda zilizookolewa, usipuuze faili zenye jina la herufi na tarakimu nane bila xlsx mwishoni, kama 5C2A1E00. Excel haiandiki moja kwa moja juu ya faili lako. Inaandika faili jipya lenye jina la muda, kisha inafuta la zamani na jipya linapewa jina lake. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, kazi yako ya mwisho inabaki chini ya jina la muda. Inakili, ongeza .xlsx, ifungue.

Fundi mzuri utamjua kwa majibu. Muulize: utaandika chochote kwenye flashi yangu? Taswira utaiweka wapi? Nitalipa baada ya kufungua mauzo ya mwezi uliopita mbele yako? Akisitasita kwenye la kwanza, ondoka na flashi yako.

Haya yote yametokea kwa sababu flashi ilikuwa nyumba ya hesabu. Flashi ni ya kubebea. Hesabu zikae kwenye folda moja ndani ya kompyuta, tuseme `C:\DUKA`, na flashi ichukue nakala tu. Na wengi wanaosema wanayo bakapu hawanayo, kwa kosa lilelile la kuandika juu. Kila jioni wananakili faili la leo juu ya la jana, kwa jina lilelile, kwenye flashi ileile. Siku faili linapoharibika, au mfanyakazi anapofuta safu ya madeni na kuhifadhi, jioni hiyo ubovu unanakiliwa juu ya uzima, na hakuna nakala nyingine. Mtu akikuwekea `robocopy`, amri ya Windows ya kunakili folda, yenye `/MIR`, ujue kwamba inafuta kule kila ulichokifuta huku, hata kama ulikifuta kwa bahati mbaya.

Google Drive na OneDrive nazo zina tabia hiyohiyo. Zinafanya huku na kule kufanane. GB 15 za Google au 5 za OneDrive, zote za bure, zinatosha duka lolote linalotumia Excel, na zitumie, ila ukifuta faili kwenye kompyuta linafutika na huko, na kwenye takataka linakaa siku 30 tu. Ukigundua baada ya miezi miwili, umechelewa.

Kinachofaa ni nakala zenye tarehe kwenye jina, MAUZO_2025-03-31.xlsx, kesho nyingine, na za mwisho wa mwezi zisifutwe kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na karatasi za EFD, mashine ya risiti za kodi, zinafifia kabla ya hapo zikikaa karibu na joto. Tumia flashi mbili zilizoandikwa A na B kwa kalamu ya wino usiofutika, moja wiki hii nyingine wiki ijayo, na ile isiyo na zamu ilale nyumbani. Isiyo na zamu isichomekwe. Virusi vinavyofunga faili na kudai fedha, ambavyo wengi huvipata kwa kusakinisha programu zilizovunjwa leseni, hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa, bakapu ikiwemo.

Na ukinunua flashi, ukimbie ile iliyoandikwa TB 1 kwa bei ya GB 16. Chipu ya ndani ni ndogo, imedanganywa kuripoti ukubwa mwingine. Inapokea faili, inaonyesha jina na ukubwa wake, ila kilichovuka uwezo wake halisi hakipo au kimeandikwa juu ya cha mwanzo. Kabla ya kuweka hesabu, ijaribu ikiwa tupu kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza flashi yote kisha inasoma tena kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kwa GB 32 inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Iache ifanye kazi.

Mwisho wa kila mwezi, chukua flashi ya zamu, ifungue kwenye kompyuta isiyo ya duka, fungua faili la mauzo, na ulinganishe jumla ya siku tatu zozote na ripoti za Z, yaani za jumla ya siku, za mashine yako ya EFD. Zikipishana, au faili likigoma, bado una flashi ya pili na nakala ya mtandaoni za kuchunguza siku hiyohiyo, kabla hujaandika chochote juu yake.