Rangi iliyokaa stoo miaka 4, nipige au nisipige?

Ndugu yangu ulouliza kuhusu hiyo nusu ndoo ya rangi ya maji, kama unaweza kupigia chumba kabla ya Skukuu au ndo uende dukani tu: inawezekana, lakini usihesabu miaka, tazama mfuniko. Ndoo isofunguliwa ikiwekwa pahala pazuri hukaa hata miaka 10 ikawa nzima, ilofunguliwa ikafunikwa juujuu hata mwaka inaweza isimalize.

Mie yashanikuta. Nilibakisha kama robo ya ndoo ya lita 20, nyeupe, nikaitia banda la uani hapa Chake Chake, Pemba, ikapigwa na joto la kaskazi weee. Siku naifungua ikanitoka harufu si ya rangi tena, utasema papa aloroa mvua. Fundi akanambia itaondoka ikishakauka, na mie nikamsikiliza maana nilikuwa natafuta kusikia hivohivo, tukapiga kuta mbili za chumba cha watoto. Wallahi wiki ya tatu bado ukifungua mlango asubuhi inakupokea harufu ileile, watoto wakahamia ukumbini, mwisho tukakwangua, tukapiga praima (rangi ya kwanza ya kushikia) na rangi mpya juu yake, yaani nilililia robo ndoo nikalipa ndoo nzima. Rangi ya maji hutiwa dawa ya kuzuia bakteria, dawa ikiisha nguvu wanaingia wanaila humohumo ndani ya ndoo, sasa hata ukitia marashi husaidii kitu. Ikinuka uvundo achana nayo, na usiimwage mtaroni wala karibu na kisima, changanya na mchanga iache ikauke ndo ukaitupe.

Isiponuka, toa utando wa juu (usiukoroge!) halafu koroga kwa kijiti mpaka chini kabisa, dakika 10 bila uvivu, lile zito lilolala chini ndo rangi yenyewe. Ikirudi laini kama uji umepona. Ikibaki imekatika kama maziwa yaloharibika, basi. Vibonge vidogovidogo chuja kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Kama ni kopo la bati pangusa mdomo kabla hujafungua, hewa yetu hii ya chumvi inakula bati na kutu ikidondokea ndani utapata madoa ya kahawia ukutani ukadhani ukuta unavuja. Kisha paka ubaoni, ngoja mpaka kesho, pitisha ukucha. Ikibanduka usijisumbue.

Rangi ya mafuta ndo mvumilivu zaidi. Ile ngozi ya juu ikate pembezoni kwa kisu uinyanyue nzima kama chapati, chini utakuta rangi shuwari, tia thina kidogo tu. Mlango wangu wa uani nimeupiga kwa rangi ya mafuta ya miaka 8, huu mwaka wa tatu haujabanduka. Ila kama kopo lenyewe ni la enzi za babu liache, za zamani nyengine zina madini ya risasi, ni sumu, na nyumba ina watoto.

Na usije ukaitumia kuziba viraka kwenye ukuta ulopigwa kwa rangi hiyohiyo, ukuta ushapauka na ndoo haijapauka, kiraka kitaonekana tangu barazani. Piga ukuta mzima, kona mpaka kona.

Kama nyumba yako ni ya Mji Mkongwe, ya mawe na chokaa, hapo suala si upya wala ukongwe, rangi ya plastiki, yaani hii ya maji ya dukani, inaufungia ukuta unyevu ndani, inavimba na kumenyuka. Huko ni chokaa tu.

Mie siku hizi ikibaki naimimina kwenye chupa za maji mpaka shingoni, hewa isipate pahala, naandika ni ya chumba gani. Haya fungua ndoo utwambie inanuka nini.