Siri ya Nyimbo za Jadi za Ayalandi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nyimbo za jadi za Ayalandi, ziwe za siasa au za mapenzi, hunigusa hata nisipoelewa maneno yake. Siri yake ni nini?

JIBU: Ndugu msomaji, naamini siri ni kwamba nyimbo hizo hubeba mambo makubwa kwa kusimulia habari za mtu mmoja. Wimbo wa Kevin Barry, kijana wa miaka 18 aliyenyongwa Dublin tarehe 1 Novemba 1920, wakati wa vita vya kudai uhuru kutoka kwa Uingereza, hauelezi sera za chama; humpeleka msikilizaji gerezani asubuhi ile ya Jumatatu, na huzuni yenyewe ikawa hoja. Nyimbo za njaa kuu ya 1845 hadi 1852, na za wahamiaji waliopanda meli kwenda Marekani, hufanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni uimbaji wa kale uitwao sean-nós, usiotumia ala yoyote: mwimbaji hufumba macho, huirembesha sauti kwa madoido, na pengine msikilizaji aliye karibu humshika mkono na kuuzungusha polepole kwa kufuata mwendo wa wimbo. Anza na huo, kabla ya fidla na filimbi.