Kumpeleka mtoto kuwinda mnyama mkubwa nje ya jimbo bila kukopa: jibu langu kwa mzazi wa Des Moines

Mkuu, umeuliza kama mtu wa kipato cha kawaida anayeishi Iowa anaweza kumpeleka binti yake wa miaka 12 kuwinda mnyama mkubwa jimbo jingine bila kuingia kwenye deni. Anaweza. Mimi naishi Omaha, nafanya kazi kiwandani, na wanangu wawili wamewinda Missouri, South Dakota na Wyoming. Walionitangulia kukujibu wamekuelekeza kwa mawakala wanaouza safari za elki, yule kulungu mkubwa wa Marekani, kwa maelfu ya dola. Sina ugomvi nao, ila hilo ni soko la watu wengine.

Jambo la kwanza ulishike vizuri: kinachouzwa bei kubwa ni pembe. Leseni ya asiye mkazi wa jimbo hupanda kwa sababu kila mtu mzima anataka dume wa kutundika ukutani. Mtoto anayeanza hahitaji dume. Anahitaji kuona wanyama wengi, apate nafasi ya kunyemelea zaidi ya mara moja, na arudi nyumbani na nyama. Ukikubali jike, bei inashuka kwa namna ambayo mwanzoni utadhani umesoma vibaya.

Mfano ninaoujua vizuri ni Wyoming. Leseni ya pronghorn, yule swala wa nyika za Marekani, kwa mtu mzima asiye mkazi ni dola 326. Kijana asiye mkazi analipa 110 kwa leseni hiyohiyo. Lakini leseni ya jike au ndama kwa kijana ni dola 19, ukiongeza 15 za ada ya maombi. Kulungu jike ni 19 vilevile. Elki jike kwa kijana ni dola 100, wakati mtu mzima anayetaka elki wa kawaida analipa 692. Anayehesabiwa kijana ni wa chini ya miaka 18, na sharti awe ametimiza miaka 12 kabla ya kuwinda. Binti yako ameingia umri huo wakati mzuri kabisa.

Sasa usikimbilie kulipa hiyo 19. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Sehemu nyingi zenye leseni za jike kwa wingi ni zile ambazo ardhi yake karibu yote ni ya watu binafsi, na idara ya Wyoming Game and Fish yenyewe huziandika kwamba ufikiaji wake ni mgumu. Ukinunua leseni ya huko bila ruhusa ya mwenye ardhi, utakuwa unawatazama swala ng'ambo ya waya. Kwa hiyo fanya kinyume cha wengi: tafuta kwanza ardhi, halafu leseni. Fungua ramani za idara uone maeneo wanayoyaita Walk-In Areas, ambayo ni mashamba ya watu yaliyofunguliwa kwa wawindaji kwa makubaliano na jimbo. Tazama pia Thunder Basin National Grassland, kaskazini mwa mji wa Douglas: zaidi ya ekari laki tano za ardhi ya umma, ingawa imechanganyika na ya watu vipande vipande, hivyo uwe na programu ya ramani inayoonyesha mipaka hata simu ikikosa mtandao. Halafu ndipo uone eneo gani la leseni linaangukia hapo.

Ujue pia kwamba idadi ya leseni za jike haikai palepale. Baridi ya 2022 hadi 2023 iliua pronghorn na kulungu wengi sana magharibi ya Wyoming, na idara ikakata leseni ili makundi yapumue. Ukiona mwaka fulani eneo lako limefungwa au limepunguzwa, hamia jingine, na mfundishe mtoto kwa nini. Kwangu mimi hilo ni somo lenye uzito kuliko kulenga shabaha.

Maombi ya pronghorn na kulungu hufungwa mwanzoni mwa Juni, majibu hutoka mwezi huohuo, na leseni zilizobaki huuzwa Julai kwa anayewahi. Leseni ya kawaida ya elki kwa asiye mkazi ni mapema zaidi, mwanzoni mwa Februari. Kama una lengo la elki dume siku za usoni, mnunulie mtoto kila mwaka pointi za kumwongezea nafasi kwenye droo ya leseni, kwa bei ya kijana, dola 10, badala ya 52 anazolipa mtu mzima. Pointi anazoweka akiwa na miaka 12 atazitumia akiwa mtu mzima.

Kuhusu ruhusa ya mwenye ranchi. Uliuliza kwa upole kama familia yenye lafudhi yetu itapokelewa vizuri huko mashambani, na naona hukutaka kulisema wazi. Nitakujibu wazi. Mimi huandika barua kwa mkono mwezi Machi au Aprili, kabla ya msimu wa pilikapilika, na kueleza kwamba sitawinda mimi, atawinda mtoto mmoja, jike mmoja, na nitakuwa naye hatua kwa hatua. Wengine hawajibu. Wengine hutaja ada ya kuingia, na ikizidi uwezo wangu nawashukuru na kuachana nayo. Lakini wapo walioniambia njoo, bure, kwa sababu ni mtoto. Tukifika tunapita nyumbani kwao kwanza, tunasalimia, tunauliza hali ya ng'ombe na mvua, ndipo tunaingia shambani. Malezi yetu ya kutoanza shughuli kabla ya salamu yana thamani kubwa kule. Mwisho wa safari watoto wanarudi kushukuru, na Desemba tunatuma kadi. Mlango ulioufungua mwaka mmoja kwa adabu unabaki wazi mwaka unaofuata.

Kabla ya Wyoming lakini, ningekushauri uanze karibu. Toka Des Moines kwenda Cheyenne ni zaidi ya maili 600, na mtoto ambaye hajawahi kukaa kimya kichakani saa mbili anaweza kuchoshwa na safari kabla ya kumwona mnyama. Missouri iko mpakani kwako. Huko mtoto wa miaka 6 hadi 15, hata asiye mkazi, hupata kibali cha kulungu kwa bei ndogo ya vijana, wakati mtu mzima asiye mkazi analipa mamia. Wana siku maalumu za vijana kabla ya msimu mkuu wa bunduki, na nyingine karibu na Thanksgiving shule zikiwa zimefungwa. South Dakota nayo huwauzia vijana wasio wakazi leseni ya kulungu jike kwa takriban dola 10, na msimu wao unaanza Septemba, baridi ikiwa bado haijakaza. Kwa mtoto, hali ya hewa ni nusu ya kila kitu. Akitetemeka saa moja juu ya mti mwezi Novemba, hataomba kurudi.

Cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji msikiache. Kuna majimbo yanayomruhusu mtoto kuwinda bila cheti akiwa na msimamizi, ila hesabu vizuri: Missouri, kwa mfano, mtoto asiye na cheti lazima asindikizwe na mtu mzima ambaye mwenyewe ana leseni, na leseni yako wewe ndiyo ya bei ya mgeni. Kwa hiyo darasa analosoma mtoto linaweza kukuokolea mamia ya dola. Iowa huwapokea darasani kuanzia miaka 11 na cheti kinafanya kazi akifika 12. Cheti cha jimbo moja kinakubalika majimbo mengine. Ukipata nafasi, kaa darasani naye. Umesema ulikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na bunduki ulizoziona maisha yako yote zilikuwa za askari na waasi. Wengi wetu ni hivyo, na ndugu zetu wa Kenya uwindaji wao ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo hakuna mzee wa kutufundisha. Darasa hilo ndilo mzee wetu hapa.

Na kwa kuwa uko ukumbini na watu wa hali mbalimbali za uhamiaji, niliseme hili kwa wote: mwenye green card anaruhusiwa kumiliki bunduki kama mwingine yeyote asiye na kizuizi. Mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki au risasi, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji au anaingia katika vighairi vingine vichache. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Msifanye mzaha na hili kwa ajili ya nyama. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa chochote. Barabarani bunduki iwe haina risasi, imefungwa kwa kufuli, mbali na mikono ya abiria.

Bunduki yenyewe isikutie hofu ya gharama. Ya mkono wa pili aina ya .243 inatosha kulungu na pronghorn, na haimpigi mtoto begani kiasi cha kumfanya afumbe macho kabla ya kufyatua. Kitako kiwe kifupi. Mazoezi mengi yafanyike kwa bunduki ndogo ya .22 maana risasi zake ni za bei rahisi, kisha chache kwa ile kubwa. Kipimo changu ni sahani ya karatasi: umbali ambao anaipiga kila mara akiwa ameketi, bila kuegemeza bunduki mezani, ndio mwisho wake wa kufyatulia mnyama. Kama ni yadi 100, basi ni 100, hata swala bora wa Wyoming akisimama kwenye 180. Tumeshawaacha wengi waondoke hivyo. Binti yangu alilia mara moja, na jioni akaniambia mwenyewe kwamba mkono ulikuwa unatetemeka na asingepata. Nilijivunia jioni ile kuliko siku yenye nyama.

Mengine kwa ufupi. Colorado huwauzia vijana wa miaka 12 hadi 17 wasio wakazi leseni za elki, kulungu na pronghorn kwa dola mia na kidogo, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Arizona leseni ya kijana ni dola 5 na kuna droo za vijana peke yao za elki jike ambazo kibali chake kwa asiye mkazi ni dola 65, ila droo haina uhakika, basi omba kama unayetumaini, usipange likizo kwa ajili yake. Texas, kama una ndugu Dallas au Houston wa kulala kwake, leseni ya kijana chini ya miaka 17 ni dola 7 hata kama si mkazi, wakati mtu mzima asiye mkazi analipa 315. Tatizo la Texas ni ardhi, karibu yote ni ya watu. Angalia droo za vijana za Texas Parks and Wildlife. Nguruwe pori kwenye ardhi binafsi hawahitaji leseni tangu 2019, mradi mwenye ardhi ameruhusu. Na kama kuna mzazi humu ambaye mtoto wake ana ugonjwa unaotishia maisha, atafute Hunt of a Lifetime. Wao huwapeleka watoto kama hao bila malipo.

Malazi Wyoming ni hema. Ardhi nyingi za umma zilizo chini ya BLM, idara ya shirikisho ya ardhi, unaruhusiwa kukaa hadi siku 14 bila kulipa. Chukua maji mengi, kamba za ziada za hema kwa sababu upepo wa kule haupumziki, na chakula cha nyumbani kilichogandishwa. Sisi hubeba maharage na nyama ya kukaanga, wali tunapika hukohuko.

Masanduku ya barafu yajaze kabla ya kuingia porini. Mwanzoni mwa Oktoba mchana unaweza kuwa na joto kali, na nyama ya pronghorn inaharibika upesi. Wanaosema nyama yake inanuka ni wale walioizungusha juani nyuma ya gari ili ionekane. Toa matumbo papo hapo, chuna ngozi ndani ya saa ya kwanza, weka kwenye barafu, maji ya barafu yasiguse nyama. Mwache mtoto ashike kisu chini ya mkono wako. Waislamu, asome bismillahi anapofyatua, na akimkuta mnyama bado yu hai achinjwe. Mengine muulizeni sheikh wenu kabla ya safari. Kazi ya kukatakata ifanyeni wenyewe, maana bucha za wawindaji ndizo zinazokula akiba yote uliyopata kwenye leseni.

Kulungu na elki wana ugonjwa uitwao CWD, unaoharibu ubongo wa mnyama hadi afe, na majimbo mengi hayataki uvushe kichwa wala uti wa mgongo mpakani. Toa nyama kwenye mifupa hukohuko, peleka sampuli ipimwe, na usile kabla ya majibu. Pronghorn hajulikani kuupata, sababu nyingine ya kuanza naye.

Bei nilizotaja zithibitishe kwenye tovuti ya jimbo kabla ya kulipa, kwani hubadilika. Niandikie hapahapa tarehe ambazo shule ya binti yako inafunga Oktoba na Novemba, na useme kama gari lako linapita njia za vumbi. Nitakuchagulia maeneo mawili matatu ya Wyoming ya kuombea Juni, na nitakuwekea barua ninayowaandikia wenye ranchi uibadilishe iwe yako.