Jibu: Kufungiwa ndani na baridi, unalala sana na bado umechoka

Mkuu, kulala kwa muda wa saa 10 na kuamka mchovu, huku kila aliye nyumbani anakukera, huenda chanzo ni uhaba wa mwanga wakati wa baridi. Taa za nyumbani kwa kawaida hutoa chini ya luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwangaza). Nje, hata kukiwa na mawingu, unapata elfu kadhaa. Vaa vizuri, tembea dakika 30 asubuhi. Ukishindwa, tafuta taa maalumu ya luksi 10,000, ukae mbele yake dakika 20 hadi 30 baada ya kuamka, bila kuikodolea macho. Fuata umbali ulioandikwa kwenye maelezo yake; ukisogea nyuma, nguvu hupungua haraka. Usiiwashe jioni, itakunyima usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia kupanda na kushuka amwone daktari kwanza.