Leza ya kutu haifiki mfupani, inafika jichoni

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina karakana ya kuchomelea hapa Kibirizi, Kigoma, na nimenunua mashine ya leza ya kung'oa kutu kwenye boti za chuma. Aliyeniuzia anasema leza ikigonga chuma hutoa mionzi ya EUV, ile ambayo Ulaya wanaitengeneza kwa bati, na kwamba inapenya hadi mfupani. Anataka ninunue aproni ya risasi na vidonge vya kuondoa mionzi mwilini. Miwani hakuitaja. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, fundi. Aproni usinunue, vidonge usinunue. Hiyo miwani ambayo hakuitaja ndiyo ya kununua, na mpaka uipate, mashine ikae imezimwa.

Kinachowaponza watu ni jina. EUV ni urujuanimno uliokithiri, yaani mwanga usioonekana wa ng'ambo ya zambarau, na kila anayelisikia neno hilo hudhani kilichokithiri ni kupenya. Sivyo. Kilichokithiri ni ufupi wa wimbi. Mwanga unaotumika kuchora chipu za kompyuta una wimbi la nanomita 13.5 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kwa ufupi huo karibu kila kitu huumeza: kioo, maji, hata hewa tunayovuta huumaliza ndani ya milimita chache. Wauzaji wanauchanganya na eksirei, ambayo wimbi lake ni fupi zaidi na ndiyo inayopita kwenye nyama.

Tazama wenye kuuhitaji wanavyouhangaikia. Ndani ya mitambo ya kuchora chipu ya ASML, kampuni ya Uholanzi, matone ya bati iliyoyeyushwa, membamba kuliko unywele, hurushwa kwenye chumba kilichoondolewa hewa, kama matone 50,000 kwa sekunde. Kila tone hupigwa na leza mara mbili. Pigo la kwanza hulitandaza kama chapati. La pili, la leza ya kaboni dioksidi, huligeuza kuwa plazima, yaani gesi ya moto mno ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, yenye joto la nyuzi laki kadhaa, wakati uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi. Hapo atomi za bati hunyang'anywa elektroni 8 hadi 14 kila moja, na ioni hizo ndizo zinazotoa mwanga wa karibu nanomita 13.5. Bati yenyewe si mabati ya paa, ni hii hii inayochimbwa Kyerwa, Kagera, hii iliyomo kwenye risasi ya kulehemu ya mafundi redio. Lenzi haifai kitu pale kwa sababu ingeumeza mwanga wote, kwa hiyo hutumia vioo vya matabaka ya molibdeni na silikoni, na hata hivyo kila kioo hurudisha takriban asilimia 70 tu. Sasa wewe unafanya kazi peupe, upepo wa ziwa unavuma. Cheche za mashine yako nazo ni plazima, lakini ni baridi mno kulinganisha na hiyo. Zinatoa mwanga wa kawaida na urujuanimno wa aina unayoijua kwenye kuchomelea. Huo EUV utafikaje mfupani?

Vidonge ndivyo vinavyonikera zaidi. Mwanga haubaki mwilini kama vumbi, useme utaufagia. Ukishamezwa na ngozi au jicho umekwisha. Kinachobaki ni jeraha, kama lipo. Anayekuuzia dawa ya kuutoa ni ndugu wa yule anayeuza stika ya kuzuia mionzi ya simu, na wa yule anayekuambia maziwa yanaosha moshi wa kuchomelea kwenye mapafu. Nimewasikia Tabora, nimewasikia Ujiji, na wateja hawakosi. Hata kipande cha kiazi machoni baada ya kupigwa na mwali wa kuchomelea kimepata sifa ya bure: konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, iliyoungua kwa urujuanimno kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya siku moja au mbili, kiazi kiwepo kisiwepo.

Ila retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haiponi hivyo. Soma kibao cha mashine yako. Nyingi za kung'oa kutu zina leza ya nanomita 1064 hivi, mwanga usioonekana. Huo unapita konea na lenzi ya jicho bila kizuizi, lenzi inaukusanya kuwa nukta moja, na nukta hiyo inachoma retina. Retina haina maumivu, kwa hiyo hutashtuka wala kufumba. Si lazima leza ikulenge. Mrudisho kutoka kwenye aluminiamu iliyong'aa unatosha, na unatosha pia kwa kijana anayekushikia boti au mtoto aliyesimama mlangoni kutazama.

Nunua miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi wa leza yako na kiwango chake cha kuzuia, moja kwa kila aliye karibu. Kioo cheusi cha kuchomelea hakikupimwa kwa leza, usikiamini. Zungushia eneo lako mabati yasiyong'aa. Rangi kuukuu za boti nazo huenda zina risasi, na leza huigeuza moshi, kwa hiyo vaa barakoa yenye kichujio.

Na kama ulishaiwasha bila miwani, ziba jicho moja usome maandishi haya, kisha ziba la pili. Ukiona doa lisilohama au mistari iliyopinda, nenda hospitali ya Maweni leo ukaombe kuonana na daktari wa macho, umwambie ni leza na umtajie namba ya nanomita iliyo kwenye kibao.