Lenzi ya 1.4 au 1.8? Miezi mitatu sijaamua

*Swali:* Habari yako mtaalamu. Nina kamera yenye sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), na lenzi ni ile ile iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55, yaani inavuta kutoka milimita 18 inayoona pana mpaka 55 inayosogeza karibu. Napenda kupiga watu, hasa ndani ya nyumba na jioni jioni, ila picha zinatoka na chengachenga. Nataka 50mm lakini nimekwama kati ya f/1.8 na f/1.4 (namba ikiwa ndogo lenzi inafunguka zaidi, mwanga unaingia mwingi). Riviu nimeangalia mpaka basi, huyu anasema 1.8 kona zake hazina makali, yule anasema 1.4 fokasi yake nzito. Mwezi wa tatu huu sijanunua kitu. Nichukue ipi nisije kujuta? – Mwenye Macho Mekundu

*Jibu:* Pole sana Macho Mekundu, huo ugonjwa naujua, niliwahi kupiga ukuta wa matofali jioni nzima nikilinganisha lenzi mbili na hakuna hata tofali moja lililonishukuru.

Tuanze na hizo kona. Wewe unapiga watu, na ukifungua apacha yote, yaani lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, kona za picha zinakua ni pazia na kabati vilivyofifia huko nyuma, sasa makali ya pazia unayatakia nini? Halafu picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa upana, ukiirusha kwa simu inapunguzwa mpaka elfu moja na kitu, kwahiyo ile tofauti uliyoiona kwa kukuza asilimia 200 inakua imeshafia njiani.

Mwanga sasa. Kati ya 1.8 na 1.4 tofauti ni theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), yaani pale 1.4 inapotaka ISO 1000 (ISO ni namba ya kamera kuhisi mwanga, ikipanda chengachenga zinaongezeka), 1.8 itataka 1600, basi. Ila hiyo lenzi yako ukiivuta mpaka 55 inaishia f/5.6, na kutoka hapo kwenda 1.8 unapata mwanga karibu mara kumi! Picha uliyopiga kwa ISO 6400 ungeipiga kwa kama 640 hivi. Chengachenga zako zinaondokea hapo, hiyo 1.4 ni nyongeza tu, nzito zaidi na bei juu.

Ila mi nadhani umekwama kwenye swali ambalo sio lenyewe. Kwenye sensa ndogo 50mm inabana, inaona kama 75 au 80 kwenye fulu fremu, zile kamera za sensa kubwa, na umesema unapiga ndani ya nyumba. Utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado umekata watu miguu. Kwahiyo kabla hujatoa hela chukua hiyo hiyo 18-55, iweke kwenye 35, bandika selotepu isizunguke, piga wiki nzima hivyo hivyo. Wiki ya pili weka 50. Alafu fungua na picha zako za mwaka mzima kwenye kompyuta, kila picha inatunza namba ya milimita uliyotumia, angalia zile unazozipenda zimelundikana wapi. Kama ni huko kwenye 30 na kitu, nunua 35mm ya 1.8 na uisahau kabisa 50. Kama unapenda sura peke yake kwa karibu, basi 50 ya 1.8.

Na angalia shata pia, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie, maana wengi wanalaumu lenzi bure. Mtu anacheka, anageuka, we uko 1/30 ya sekunde, hapo lenzi yoyote itatoa ukungu. Panda 1/125 au zaidi kwanza ndo tuongelee makali.

*Swali:* Nimepata lenzi iliyotumika, ina vumbi ndani. Niiache? – Msomaji wa siku nyingi

*Jibu:* Vumbi kidogo halionekani kwenye picha, chukua. Cha kukimbia ni fangasi. Fungua apacha yote, mulika tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili, ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui rudisha hapo hapo. Chezesha bleidi za apacha pia, vile vibati vinavyofungua na kufunga tundu, zikiwa na mafuta zinanata na picha zitakua zinazidi mwanga bila mpangilio. Mikwaruzo ya nje kwenye bodi wala usiijali, itumie kuombea punguzo.