Kabla hujaenda misheni nje ya nchi, soma haya kwanza

Bwana asifiwe wapendwa. Nimeshaenda misheni za muda mfupi nje ya nchi mara nne, fupi kabisa ilikuwa siku 10 na ndefu wiki 6, na kila nikiona vijana wanajiandikisha kwa ile furaha yao natamani niwaite pembeni niwaambie mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia. Sio kuwakatisha tamaa jamani, nendeni, ila nendeni mkijua.

Nianze na lililoniuma. Safari ya kwanza tulikuwa na mkutano wa jioni sita, mimi nikapewa jioni mbili, nikahubiri dakika 50 kwa mkalimani na nilipoita wanaotaka kumpokea Yesu mikono ikainuka mingi mpaka nikalia pale mbele. Tukaandika majina 63 kwenye daftari. Usiku wa kuamkia kuondoka mchungaji mwenyeji akanikalisha, akaniuliza taratibu kabisa, mwanangu haya majina, mmeandika wanakaa wapi? Hatukuandika. Akanyamaza kidogo halafu akaniambia wengi humu ni washirika wake, wameokoka miaka mingi, waliinua mikono kwa sababu mgeni katoka mbali na hawakutaka arudi kwao na huzuni, na wale wapya kweli yeye ataanza kuwatafuta kesho yake kwa miguu. Nikarudi kwetu, kanisa likapigia makofi zile 63, na mimi nikakaa kimya, sikusahihisha. Ile ilinitesa muda mrefu.

Baadae nikarudi kusoma Matendo ya Mitume vizuri, maana sisi wa safari fupi tunapenda sana kumtaja Paulo. Ni kweli Antiokia waliwaombea yeye na Barnaba wakawatuma, lakini Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi sita, Efeso alifundisha kila siku kwenye darasa la Tirano kwa miaka miwili, na Thesalonike ambako alilazimika kuondoka haraka kwa sababu ya fujo hakutulia mpaka akamtuma Timotheo akawaangalie. Na agizo la Mathayo 28 ni kufanya watu kuwa wanafunzi, hiyo kazi haiishi kwa siku 10. Inafanywa na anayebaki. Kwa hiyo mimi siku hizi kabla ya kupanga chochote namuuliza mwenyeji swali moja tu, wewe unahitaji nini, na akisema msituletee mkutano, tuleteeni mtu akae na walimu wetu wa watoto wiki nzima, basi hiyo ndiyo misheni hata kama haina picha za kupendeza.

Mkalimani naye mumheshimu. Kaa naye kabla, mpe mistari aisome kwa lugha yake, sema sentensi fupi, achana na methali na vichekesho vya kwenu maana havivuki, na kumbuka kila kitu kinasemwa mara mbili kwa hiyo mahubiri ya dakika 50 yaandae ya 25. Wangu alikuwa anatafsiri tangu asubuhi na mimi hata maji sikumpa.

Karatasi na afya nitapita haraka. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele, nchi nyingi wanalidai hilo. Kadi ya homa ya manjano inaanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, usikimbilie kuchanja wiki ya safari, ila ukishachanja kadi ni ya maisha, ndivyo ilivyo tangu 2016. Dawa za kujikinga na malaria nyingine zinaendelea hata baada ya kurudi, mfano doxycycline ni wiki 4, mwenzetu aliacha siku alipofika kwao akaumwa vibaya. Muone daktari mapema. Na kwenye fomu ya visa usidanganye kwamba unaenda kutembea wakati unaenda kuhubiri, ukikamatwa wewe unarudishwa ila matatizo yanabaki kwa kanisa lililokualika.

Kuna hili la timu, watu hawalisemi. Mkishachoka, mnalala chumba kimoja, mmoja hana usingizi mwingine anachelewa kila asubuhi, utashangaa unavyoweza kumchukia mtu mliyefunga naye na kuomba naye miezi mitatu. Mimi na ndugu mmoja tulikaa siku tatu hatusemeshani, na asubuhi tunaongoza ibada pamoja! Paulo na Barnaba wenyewe walitengana kwa ajili ya Marko aliyewaacha Pamfilia, ila miaka mingi baadae Paulo huyohuyo akaagiza Marko aletwe kwa sababu anamfaa. Sasa kila usiku kabla ya kulala tunakaa nusu saa, aliyekwazika anasema palepale.

Watoto. Hapa naomba mnisikilize sana. Tulipelekwa kwenye kituo cha watoto siku nne, binti mmoja mdogo hakuniachia mkono, siku ya kuondoka akaniuliza utarudi lini, nikamwambia karibuni. Sikurudi. Nilisema vile ili mimi niondoke vizuri, na mpaka leo namuomba Mungu anisamehe kwa hilo. Fikiria mtoto anayeshikamana na mgeni, anaachwa, wiki mbili mbele anakuja mgeni mwingine. Wengi wa watoto kwenye vituo vile wana mzazi au ndugu aliye hai, na kuna sehemu watoto wanatolewa kwao ili wageni wapate wa kuwahudumia, mpaka Australia mwaka 2018 wakalitambua jambo hilo walipotunga sheria yao ya utumwa wa kisasa. Kama unawapenda, saidia familia zao kupitia kanisa la pale ili wakae nyumbani. Usiwapige picha kama hujaomba ruhusa kwa wazazi wao, na usiahidi.

Ukirudi utajisikia mpweke, jiandae. Watu watakuuliza safari ilikuwaje na watasikiliza dakika mbili, na wewe moyo umebaki kule. Tafuteni siku mkutane timu yote wiki ya pili au ya tatu, mseme hata yale yaliyoharibika.

Mimi na yule mchungaji tunapigiana simu kila mwezi. Katika yale majina alifanikiwa kuwapata wapya 9, wawili bado wanakuja ibadani, mmoja kati yao anafundisha watoto. Mwaka huu tulitaka kwenda watu 8, akaniambia njooni watatu, na nauli zilizobaki tumnunulie mwinjilisti wake baiskeli na zingine zimlipie masomo ya Biblia. Tunaondoka watatu.